Barua za Magdalena Rudenschöld

Upande wa magharibi wa mji mkongwe wa Stockholm kuna uwanja uitwao Riddarhustorget. Unapakana na jumba la matofali mekundu ambamo koo za makabaila wa Uswidi zilikuwa zikikutana kuamua mambo ya nchi. Jumba hilo lilijengwa katika karne ya 17, na kuta za ukumbi wake mkuu zimefunikwa kwa ngao zaidi ya 2,000, kila moja ikiwa na alama ya ukoo wake. Tarehe 23 Septemba 1794, mbele ya jumba hilo, mwanamke mwenye umri wa miaka 28 alipandishwa kwenye jukwaa la adhabu na kusimamishwa penye nguzo ya aibu ili umma umtazame. Alikuwa Magdalena Rudenschöld, ambaye jamaa na marafiki walimwita Malla, binti wa ukoo uliokuwa na haki ya kuketi ndani ya jumba lilelile. Alizimia pale pale jukwaani.

Uwanja huo ulikuwa umezoea damu na fedheha. Mwezi Aprili 1792, Jacob Johan Anckarström, mtu aliyempiga risasi Mfalme Gustav III, alifungwa hapo na kuchapwa viboko kabla ya kupelekwa kuuawa nje ya mji. Miaka 16 baada ya Magdalena, mwezi Juni 1810, Axel von Fersen, yule rafiki wa karibu wa Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, alipigwa na umati wenye hasira hadi akafa katika eneo hilohilo. Anckarström alikuwa ameua mfalme, na Fersen alituhumiwa, kwa uongo, kuwa amemtilia sumu mrithi wa kiti cha ufalme. Magdalena alikuwa ameandika barua.

Nimesoma habari zake kwa muda mrefu, na kadiri ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kuudhika na namna zinavyosimuliwa. Mara nyingi hutajwa katika mstari mmoja tu, kama hawara wa mwanasiasa mashuhuri aliyemponza. Wanaomhurumia husema mapenzi yalimpofusha, na wasiomhurumia husema alistahili. Pande zote mbili zinampunguza. Ninaamini kwamba Magdalena alikuwa mtu mwenye akili aliyejiingiza katika siasa kwa kujua, na kwamba serikali iliyomshtaki kwa uhaini ilimwadhibu pia kwa kosa ambalo halikuandikwa katika hati ya mashtaka, yaani kumpenda mwanamume aliyemchagua mwenyewe na kumkataa mwingine aliyekuwa na nguvu za kumwangamiza.

Alizaliwa Stockholm tarehe 1 Januari 1766. Baba yake, Thure Gustaf Rudenschöld, alikuwa mtu wa cheo katika baraza la nchi, na mama yake, Christina Sofia, alitoka katika ukoo wa Bielke, mojawapo ya koo kongwe kabisa za Uswidi. Binti wa nyumba ya namna hiyo alikuwa na njia chache mbele yake. Aliweza kuolewa na mtu wa hadhi yake, au kupata nafasi katika jumba la kifalme hadi mchumba apatikane. Magdalena alikwenda kwenye jumba la kifalme, akawa mmoja wa mabinti waliomhudumia Sophia Albertina, dada wa mfalme. Kazi yenyewe ilikuwa ya kumsindikiza binti mfalme popote aendapo, kukaa naye mezani, kucheza naye karata, kuvaa vizuri na kuzungumza Kifaransa fasaha. Wote waliomwona walisifu uzuri wake, na wengi waliongeza kwamba alikuwa mchangamfu, mwenye ulimi mwepesi.

Jumba la Gustav III lilikuwa la pekee katika Ulaya ya Kaskazini. Mfalme huyo alipenda michezo ya kuigiza kuliko kitu chochote. Aliandika tamthilia mwenyewe, akajenga jumba la opera, akawafanya watumishi wake na makabaila wake waigize katika kasri za Gripsholm na Drottningholm. Watu wanaoishi pamoja usiku na mchana, wakivaa mavazi ya kuigizia na kukariri maneno ya mapenzi, hawakosi kupendana, na mapenzi ya nje ya ndoa yalikuwa jambo la kawaida huko. Mume aliweza kuwa na kimada naye mke akawa na mpenzi wake, na hakuna aliyenyanyua sauti maadamu mambo hayo hayakutoka nje ya kuta za jumba. Kanuni ilikuwa moja tu, kwamba kila mmoja ajue na asiseme. Kanuni hiyo iliwalinda wote kwa usawa wakati wa raha, lakini siku ya kuvunjwa kwake haikuwavunjia wote heshima kwa usawa.

Hapo ndipo Magdalena alipomkuta Gustaf Mauritz Armfelt. Alikuwa amezaliwa Finland mwaka 1757, wakati Finland ilipokuwa bado sehemu ya Uswidi, na kufikia miaka ya 1780 alikuwa kipenzi cha mfalme. Alikuwa mrefu, mwenye sura ya kuvutia, askari hodari, mwenye kujua kuzungumza na malkia na askari wa kawaida vilevile. Mwezi Agosti 1790 yeye ndiye aliyetia sahihi mkataba wa amani wa Värälä kwa niaba ya Uswidi, uliomaliza vita na Urusi. Alikuwa pia mtu asiyetosheka na mwanamke mmoja, jambo ambalo hakulificha. Mwaka 1785 alimwoa Hedvig Ulrika De la Gardie, binti wa ukoo mkubwa, kwa ndoa iliyompendeza mfalme. Mapenzi yake na Magdalena yalidumu kwa miaka mingi juu ya ndoa hiyo.

Kila mtu anaposimulia kisa hiki humsahau Hedvig Ulrika, nami sitaki kumsahau. Alijua. Alizaa watoto, akamfuata mumewe uhamishoni Italia na baadaye Urusi, akavumilia yote yaliyomfika kwa sababu ya mwanamume huyo. Sitajaribu kumsafisha Magdalena kwa kumfanya mke huyo asionekane. Kulikuwa na mwanamke aliyeumizwa na mapenzi hayo, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kulalamika, ni yeye. Waliopiga kelele baadaye, wakijifanya watetezi wa maadili, hawakumtaja hata kidogo.

Mwanamume wa tatu alikuwa Mwanamfalme Karl, ndugu wa mfalme, aliyezaliwa mwaka 1748. Alikuwa na mke, Hedvig Elisabeth Charlotte, ambaye shajara yake ndefu ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya habari za jumba la kifalme la wakati huo. Alikuwa pia na orodha ya wapenzi iliyojulikana mjini kote. Kabla ya kuoa, Augusta Löwenhielm, mke wa mtu mwingine, alimzalia mtoto wa kiume mwaka 1772, na baadaye mcheza dansi Charlotte Slottsberg alikuwa kimada wake kwa miaka. Mtoto yule, Carl Löwenhielm, alikua akawa mwanajeshi na mwanadiplomasia mwenye heshima zake, na hakuna aliyemfunga mama yake kwenye nguzo. Karl alimtamani Magdalena, akamwandikia na kumtongoza. Magdalena akamkatalia.

Ni rahisi kulipita jambo hili haraka, na ndivyo vitabu vingi vifanyavyo. Lakini binti anayetumika katika jumba la kifalme, anayeishi kwa posho na kwa hisani ya familia ya mfalme, akimkatalia ndugu wa mfalme, anafanya jambo la hatari. Wakati mfalme yu hai na Armfelt ni kipenzi chake, hatari hiyo ilikuwa imefichika. Karl alikuwa ndugu mdogo asiye na madaraka makubwa, na binti aliyemkataa alikuwa chini ya ulinzi wa dada wa mfalme na wa rafiki mkuu wa mfalme.

Usiku wa tarehe 16 Machi 1792 mambo hayo yote yalipinduka. Gustav III alipigwa risasi mgongoni katika dansi ya barakoa, ndani ya jumba la opera alilolijenga mwenyewe, akafa tarehe 29 Machi. Mwanawe, Gustav IV Adolf, alikuwa na umri wa miaka 13 tu, kwa hiyo Karl akawa msimamizi wa kiti cha ufalme. Akiwa kitandani anakaribia kufa, mfalme alimteua Armfelt kuwa gavana wa Stockholm, akitaka rafiki yake awe na nguvu za kumlinda mtoto. Uteuzi huo haukudumu. Karl alimwita nyumbani Gustaf Adolf Reuterholm, mtu aliyewahi kutiwa kizuizini na marehemu mfalme na aliyekuwa na vinyongo vyake, akamwachia uendeshaji wa serikali. Wote wawili walikuwa Wamasoni, yaani wanachama wa chama cha siri cha Freemasons, waliozama katika mambo ya siri na utabiri. Marafiki wa marehemu mfalme wakaondolewa mmoja baada ya mwingine. Armfelt akapelekwa mbali kwa heshima ya kinafiki, kuwa balozi katika falme za Italia, makao yake yakiwa Naples.

Magdalena akabaki Stockholm, na kuanzia hapo ndipo maisha yake yakawa barua.

Barua ya wakati huo haikuwa kitu cha faragha, hata ikifungwa kwa lakiri. Kutoka Stockholm hadi Naples ilipita mikononi mwa watu wengi, ikavuka bahari, ikapita miji ya Ujerumani, ikashuka milima hadi Italia, safari ya majuma kadhaa. Katika miji mikubwa ya posta kulikuwa na watu waliolipwa kunyanyua lakiri bila kuivunja, kunakili maneno, na kuifunga tena kama ilivyokuwa. Kila mtu mwenye akili alijua hivyo, ndiyo maana waliokuwa na siri walitumia maandishi ya mafumbo, majina ya kupanga, na wasafiri waaminifu. Magdalena na Armfelt walizijua hila hizo. Hata hivyo barua zilikuwa nyingi mno, na miezi ikawa mirefu mno, kiasi kwamba tahadhari haikuweza kudumu katika kila ukurasa. Hamburg ndiko mtego ulikowekwa, na huko barua za Armfelt zilifunguliwa kwa faida ya serikali ya Karl.

Armfelt alikuwa na mpango. Alitaka Malkia Catherine II wa Urusi aibane serikali ya Stockholm, kwa shinikizo la kidiplomasia na hata kwa kuonyesha nguvu za kijeshi, ili Reuterholm aondolewe na watu wa marehemu mfalme warudishwe madarakani karibu na mfalme mdogo. Ulikuwa mpango wa hatari, na kwa sheria ya nchi yoyote ile, kuialika dola ya kigeni iingilie utawala wa nyumbani ni uhaini. Magdalena alikuwa mkono wake Stockholm. Alipokea barua, akazifikisha kwa wahusika, akasikiliza yaliyosemwa katika jumba la kifalme na kuyaripoti, akazungumza na watu ambao Armfelt hakuweza kuwafikia. Walikuwamo pia Johan Albrecht Ehrenström, aliyekuwa katibu wa marehemu mfalme, na afisa Johan Fredrik Aminoff.

Wengi waliomtetea, wakati ule na baadaye, walisema kwamba hakujua alichokuwa akifanya, kwamba alikuwa mwanamke aliyepofushwa na mapenzi na kutumiwa na mtu mjanja. Utetezi huo una huruma ndani yake, lakini siukubali. Alikuwa amekaa karibu miaka kumi katikati ya jumba la kifalme, akiona vyeo vikitolewa na kunyang'anywa. Alimjua Karl kuliko mawaziri wengi walivyomjua, kwa sababu alimjua katika udhaifu wake. Alikuwa mtiifu kwa kumbukumbu ya Gustav III na aliamini kwamba mfalme mdogo yumo mikononi mwa watu wabaya. Katika barua zake siasa na mapenzi vilikaa ukurasa mmoja, aya kwa aya. Baada ya habari za baraza kulikuwa na kilio cha kumtamani mpenzi wake, kisha zikafuata habari za balozi. Kwake yeye mambo hayo yalikuwa kitu kimoja. Kumrudisha Armfelt kulikuwa kumrudisha mpenzi na kurudisha utawala aliouamini kwa pamoja. Wanaume wa chama hichohicho walitaka vyeo, mashamba na heshima, na hakuna aliyesema kwamba tamaa hizo ziliwapofusha.

Kinachonichoma ni kwamba Armfelt hakuwa mwaminifu kwake hata katika kipindi hicho. Wakati Magdalena akihatarisha shingo yake Stockholm, mpenzi wake alikuwa Italia akijishughulisha na Menshikova, mwanamke wa kikabaila wa Kirusi.

Mwezi Desemba 1793 serikali ikachukua hatua. Magdalena alikamatwa, na wenzake pia wakakamatwa. Wakati huohuo meli ikatumwa Naples kumtia nguvuni Armfelt. Hapo msaada ulimjia kutoka mahali pasipotarajiwa, kwani Malkia Maria Carolina wa Naples, dada wa Marie Antoinette, alikataa kumtoa, akamsaidia kutoroka, naye Armfelt akafika Urusi. Hata hivyo hakuweza kutoroka na makaratasi yake. Sehemu kubwa alikuwa ameiweka Florence, kwa balozi wa Uingereza, akidhani kwamba nyumba ya balozi wa dola kubwa ni salama. Francesco Piranesi, mwana wa yule mchoraji mashuhuri wa picha za magofu ya Roma, alikuwa wakala wa Uswidi nchini Italia, na watu wake wakafanikiwa kuyatwaa makaratasi hayo. Yakasafirishwa hadi Stockholm. Ndani yake mlikuwa na barua za Magdalena, ambazo Armfelt alikuwa amezihifadhi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alizihifadhi. Mtu anayepanga njama angepaswa kuzichoma siku alipozisoma. Labda alizipenda. Labda zilimpa fahari. Lolote lililomfanya azitunze, aliyelipa gharama ya utunzaji huo alikuwa mwandishi wake.

Serikali ilikuwa sasa na ushahidi wa kutosha kuhusu njama. Ingeweza kuyapeleka mahakamani yale yaliyohusu Urusi, Catherine na mpango wa kubadilisha utawala, ikayaacha mengine kabatini. Badala yake ikaamua kuchapisha. Mwaka 1794 hati za kesi zilitolewa kwa maandishi ya chapa, na pamoja nazo sehemu za barua ambamo Magdalena alikuwa akizungumza na mwanamume wake kama mwanamke anavyozungumza anapojua hakuna mwingine anayesikia. Mji mzima ukazisoma. Wasiojua siasa wakazisoma kwa ajili ya mapenzi, na wenye kujua siasa wakazisoma kwa ajili ya vyote viwili. Mtu aliyekuwa bado katika kizuizi, akihojiwa kwa kosa linalobeba adhabu ya kifo, aliyasikia maneno yake ya chumbani yakiwa bidhaa ya sokoni.

Sisi wa leo tunapaswa kulielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Nimeona katika makundi ya WhatsApp ujumbe wa faragha wa mwanamke ukisambazwa na mtu aliyekataliwa naye, na nimeona jinsi watu wema, wenye kusali, walivyousoma kwanza na kumlaani mwandishi wake baadaye, huku jina la aliyeusambaza likiwa halitajwi kabisa. Aliyesambaza za Magdalena alikuwa dola yenyewe, na juu ya dola hiyo aliketi mwanamume aliyewahi kumtongoza na kukataliwa. Wakati wa kesi ilidhihirika kwamba Karl naye alikuwa amemwandikia barua za mapenzi. Barua hizo hazikuchapwa.

Kesi ilisikilizwa katika Mahakama ya Rufani ya Svea. Armfelt, aliyekuwa mbali, alihukumiwa kifo na kupoteza heshima na mali, akatangazwa kuwa mtu asiyelindwa na sheria. Ehrenström alihukumiwa kifo. Magdalena naye alihukumiwa kifo. Katika mashauri ya kuibadilisha adhabu hiyo, Kansela Fredrik Sparre alipendekeza achapwe viboko hadharani. Mwanamke wa miaka 28, wa ukoo wa kikabaila, avuliwe na kuchapwa mbele ya umati. Pendekezo hilo liliwashtua hata watu waliokuwa hawampendi. Binti mfalme Sophia Albertina, aliyemjua tangu usichana wake, alimtetea kwa nguvu zote mbele ya ndugu yake. Viboko vikaondolewa. Hukumu ya mwisho, iliyotolewa kwa jina la mfalme aliyekuwa na umri wa miaka 15, ilikuwa kunyang'anywa ukabaila, kusimamishwa penye nguzo ya aibu, na kufungwa maisha katika nyumba ya kusokota nyuzi.

Nguzo ya aibu ilikuwa adhabu ya wezi, makahaba na wavunja ndoa wa tabaka la chini. Makabaila walioasi kwa kawaida walikatwa kichwa kwa upanga au walifungwa ngomeni, na katika adhabu hizo mtu hubaki na hadhi ya adui wa dola. Wenzake wa kiume walitendewa hivyo. Ehrenström alipandishwa jukwaani ili akatwe kichwa, akasomewa msamaha akiwa amekwisha kujiandaa kufa, kisha akapelekwa ngome ya Karlsten. Ilikuwa ni ukatili, lakini ulikuwa ukatili wa kisiasa. Adhabu ya Magdalena ilichaguliwa ili kuueleza umma kwamba huyu hakuwa mpinzani wa serikali, alikuwa malaya tu. Hapa ndipo ninapoiona waziwazi hasira ya mwanamume aliyekataliwa, kwa sababu hakuna haja ya kisiasa iliyoihitaji adhabu hiyo. Njama ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na waliohusika walikuwa wamekamatwa au wamekimbia.

Lakini hesabu yao haikwenda sawa. Watu waliojaa Riddarhustorget tarehe 23 Septemba hawakuja na matope na mayai yaliyooza. Walimhurumia. Walimwona msichana waliyekuwa wakimwona ndani ya magari ya farasi ya kifalme akisimama mbele ya nguzo, akidhoofu na kuanguka. Reuterholm hakuwa akipendwa mjini tangu zamani, na tangu siku hiyo alichukiwa zaidi. Magdalena alichukuliwa kutoka jukwaani na kupelekwa Långholmen.

Långholmen ni kisiwa kirefu ndani ya jiji la Stockholm, na nyumba ya kusokota ilikuwapo huko tangu mwaka 1724. Walipelekwa huko wanawake walioshtakiwa kwa umalaya, wizi au kuzurura bila kazi, wakasokota sufu kuanzia alfajiri hadi usiku. Gereza kubwa la baadaye lililojengwa mahali hapo lilifungwa mwaka 1975, na leo watalii hulala katika vyumba vyake. Magdalena hakuishi kwa hali ileile ya wanawake wale, kwa kuwa hata serikali iliyomdhalilisha iliogopa kumfisha. Hilo nalo linapaswa kusemwa kwa uaminifu, kwa sababu wanawake wengine waliokuwa chini ya paa hilohilo hawakuwa na binti mfalme wa kuwaombea, na majina yao hayajulikani kwetu.

Tarehe 1 Novemba 1796, Gustav IV Adolf alitimiza miaka 18 na kushika utawala. Reuterholm akaondoka Stockholm asiwahi kurudi madarakani. Magdalena akaachiwa huru mwaka huo. Mfalme mpya akampa shamba la kuishi kisiwani Gotland, katikati ya Bahari ya Baltiki, mbali kabisa na jumba la kifalme. Nadhani alitarajiwa kuishi humo kwa utulivu na majuto, kama mtu aliyefundishwa adabu. Hakuishi hivyo. Huko Gotland alikuwa na uhusiano na mwanamume aliyekuwa akimtumikia, akazaa naye mtoto wa kiume.

Wasimulizi wengi hukichukulia kipande hiki kama anguko la mwisho, kwamba mwanamke aliyependwa na watu wakubwa wa Uswidi aliishia na mtumishi. Mimi naona kinyume chake. Armfelt alikuwa na mke, na alikuwa na wengine. Karl alikuwa na mke na alikuwa na wengine pia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Magdalena alikuwa na mwanamume ambaye hakuwa na cheo cha kumnufaisha wala uwezo wa kumwangamiza, na alimchagua akijua vizuri watu wangesema nini, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuyasema yote. Baada ya nguzo ya Riddarhustorget hakuwa na jina la kulinda. Wale waliomvua jina walimwachia uhuru ambao hawakuukusudia.

Armfelt alisamehewa mwaka 1799 na kurudishiwa heshima zake. Alikuwa balozi Vienna, akaongoza majeshi, akaingia tena katika ugomvi na serikali ya Uswidi, na hatimaye akahamia katika utumishi wa Urusi baada ya Finland kuwa chini ya Mfalme Mkuu Alexander I. Alishiriki kuweka misingi ya utawala wa Finland mpya akiwa mkuu wa kamati ya mambo ya Finland mjini Saint Petersburg, na akafa Tsarskoye Selo mwaka 1814. Ehrenström, aliyesimama na kichwa chake tayari kukatwa, alikuja kusimamia ujenzi mpya wa Helsinki kwa ramani ya mwaka 1812, na kitovu cha jiji hilo hadi leo kinafuata mistari yake. Karl naye alipata alichokitaka, akawa Mfalme Karl XIII mwaka 1809, baada ya mpwa wake kupinduliwa, akafa mwaka 1818.

Magdalena alihama Gotland, akaishi miaka kadhaa Uswisi, kisha akarudi Stockholm. Aliandika kumbukumbu zake kuhusu kukamatwa na kufungwa kwake, na safari hii aliandika akijua kwamba watu wengine watasoma. Alikufa katika mji aliozaliwa tarehe 5 Machi 1823, akiwa na umri wa miaka 57.